Lori la Bati na Mzee Ambaye Hajashuka

Mpendwa mshauri,

Shikamoo mama. Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba uvumilivu, kwa sababu barua hii nimeianza mara sita na mara zote sita nimeichana, na hii ya saba nikiichana sitakuwa na karatasi tena, maana daftari ni la mke wangu la kisomo cha watu wazima na ameshaanza kuuliza kurasa zake zinakwenda wapi.

Mimi ni fundi bati hapa Mugumu, umri wangu miaka ishirini na saba. Baba yangu alikuwa mtu wa pwani aliyekuja huku kuuza nguo, akaoa, akabaki. Kazi yangu ni vibatari, ndoo na sufuria zilizotoboka, lakini watu wengi wananijua kwa magari. Siyo yale magari ya waya ambayo kila mtoto hutengeneza. Ya kwangu ni magari niliyoyapanda mwenyewe maishani, moja moja, kwa kipimo, inchi moja yangu ni futi moja ya gari lenyewe, bati nalitoa kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, matairi nayachonga kwa soli za malapa, taa za mbele ni balbu za tochi zilizoungua, na rangi naomba mabaki kwa watu wa ujenzi.

Nilikuwa nimetengeneza matatu kabla ya hili linalonitesa. La kwanza ni Landrova ya misheni ambayo mama alinizaa ndani yake njiani kwenda Tarime kabla hawajamfikia mkunga, nami niliikuta baadaye nikiwa mwanafunzi, imeinuliwa juu ya mawe, kioo cha kushoto kina ufa, na ufa ule nimeuweka. La pili ni basi lililompeleka baba hospitali Musoma na kumrudisha akiwa amefunikwa, mlango wake ulikuwa ukifungwa kwa kamba ya katani, na kamba nimeiweka. La tatu ni lori la pamba nililojifunzia utingo, ambalo bampa yake ya mbele ilikuwa imepinda kama mdomo wa mtu anayenuna. Watu wakija dukani wanacheka, wananiambia Lukmani, gari bovu namna hii unalitengenezea nini, si ungelitengeneza zima, nami nawajibu kwamba zima sikulipanda.

Sasa mwezi wa nne mwaka huu alikuja mtu anaitwa Mniko, Mkurya wa upande wa Machochwe, mtu wa makamo. Hakukaa. Alisimama mlangoni akaziba mwanga.

"Fundi, wewe ndiye ulikuwa utingo wa lile lori la kijani."

Nikasema ndimi. Chuma cha kulehemu kilikuwa mkononi mwangu, kikaanza kuunguza meza na mimi sikioni.

"Basi nitengenezee."

"Nikutengenezee nini?"

"Lile lori."

Mama, ni lazima nirudi nyuma hapa, nisamehe. Mwaka 1974 wakati wa Operesheni Vijiji, lile lori la kijani lilikodiwa kwa tajiri mmoja ili kuhamisha watu na vitu vyao kutoka kwenye miji yao, yaani maboma yao ya mbali, kwenda kijiji kipya, dereva alikuwa mjomba wangu Swaleh aliyenilea baada ya baba kufa, na utingo nilikuwa mimi. Mlango wa nyuma wa lori lile ulikuwa na makomeo mawili, kulia na kushoto, kila moja na pini yake. Pini ya kushoto ilikatika siku tatu kabla. Mjomba alimwambia tajiri, tajiri akasema pini moja inatosha, mnabeba watu siyo mawe. Mjomba akaniambia nikate kijiti nikichomeke. Nikakikata. Kilikuwa kibichi, unene wa kidole gumba, na siku mbili tulifanya kazi nacho bila shida yoyote.

Siku ya tatu tulikwenda kwa mzee Marwa, baba yake huyu Mniko. Mzee hakutaka kuhama. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni akasema yeye hatatoka, na watu wa operesheni walikuwa wamesimama pale na hasira, mmoja ameshashika njiti za kiberiti chini ya paa, basi Mniko aliona heri ambebe baba yake yeye mwenyewe kuliko abebwe na wageni. Akamwinua pamoja na kigoda, akampandisha. Na mzee akiwa juu ya mikono ya mwanawe akasema kwa sauti, watu wote wakasikia: "Mkinipandisha humu, sishuki." Akaomba awekwe nyuma kabisa, aegemee ule mlango, ili autazame mji wake mpaka upotee machoni. Mniko akamweka pale alipoomba.

Mimi nilipokwenda kukagua makomeo niliona kijiti kimepinda. Nikaenda mbele nikamwambia mjomba, mjomba kijiti kimepinda. Akasema, "Panda twende, ni maili tisa." Nikapanda.

Kwenye korongo la pili lori liliruka, komeo la kushoto likafunguka, mlango ukaanguka, na mzee akaanguka nao. Wengine walishikana. Yeye alikuwa ameshika kigoda. Hakusema neno tena.

Kamati iliundwa jioni ile ile. Iliandika kwamba mzee aliruka kwa ukaidi, kwa kuwa alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba hatashuka akiwa hai, nao ndivyo walivyoyapanua maneno yake. Wengi waliweka dole gumba. Mimi najua kuandika, niliweka sahihi. Vipande vya kijiti nilivichukua mwenyewe, na tulipopika ugali wa jioni nilivitia motoni.

Sasa sikia yaliyompata Mniko. Watu wa kwao hawakusema mzee aliruka. Walisema baba amemlaani mwanawe, kwa sababu mtoto hambebi baba yake kwa nguvu, na kwamba laana ndiyo iliyomwangusha mzee ili damu iwe juu ya aliyembeba. Mshauri, nadhani unajua wazee wa kule hukaa kuzunguka chungu kimoja cha pombe, kila mtu na mrija wake mrefu. Mniko aliniambia hivi, tena bila kulalamika: "Hakuna aliyenikataza. Lakini nikikaa, wa kushoto anainuka, wa kulia anainuka. Mrija wangu nimeutundika ukutani tangu mwaka ule." Ndama wake wakifa, ni laana. Mke wake mimba zimeharibika mbili, ni laana. Mtu mzima, mama, anakunywa uji nyumbani kwake kama mgonjwa.

Mwaka huu wazee wamemhurumia. Wamekaa siku nyingi, kwa sababu jambo hili hawana mfano wake, hakuna babu yao aliyewahi kufia juu ya lori, kwa hiyo ilibidi wajitungie njia. Wakasema: Marwa alisema hashuki, basi hajashuka, yuko juu ya lori mpaka leo, na lazima mwanawe amshushe. Lori lenyewe liliuzwa, halijulikani liliko. Ndipo mmoja akakumbuka kwamba Mugumu kuna fundi anayetengeneza magari ya kweli kweli. Mwanzo wa mwezi wa nane, pombe ya ulezi mpya ikiiva, lori langu litawekwa mlangoni kwa marehemu, juu yake kigoda kidogo ambacho Mniko amekichonga kutoka mguu wa kigoda chenyewe, tena alikuja kuniuliza kipimo nikampa. Mniko atasema mbele ya watu wote, "Baba, ni mimi niliyekupandisha, ni mkono wangu uliokuangusha," kisha atafungua mlango wa nyuma na kumshusha.

Na alipokuwa anaondoka siku ile ya kwanza aligeuka akaniambia, "Fundi, liwe lenyewe. Siyo linalofanana. Wazee wamesema kitu kimoja kikikosekana, mzee hatalitambua."

Lori limekwisha, mama. Inchi ishirini na moja. Kila kitu kipo, mbonyeo wa mlango wa dereva upo, turubai lenye kiraka lipo. Komeo la kulia nimeweka pini ya waya wa shaba. Komeo la kushoto mkono wangu uliweka kijiti kabla akili haijauliza. Nimekitoa nikaweka pini, nikaitoa nikarudisha kijiti, nimefanya hivyo mpaka tundu la komeo limepanuka nikalazimika kulitengeneza upya.

Mke wangu Rukaya aliniuliza, "Baba Adija, shaba imekwisha dukani?" Nikamkaripia. Akasema, "Sawa, usinijibu. Lakini mkono wako unakwenda hapo kama ulimi kwenye jino bovu."

Mjomba naye alikuja. Alilitazama bila kuligusa.

"Lori hili nalijua."

"Ndiyo mjomba."

"Weka pini."

"Haikuwepo."

"Weka pini, Lukmani. Lori la bati halimbebi mtu."

"Mniko anataka liwe lenyewe."

"Mniko anataka anywe pombe na wenzake. Muache anywe. Na kumbuka, pini ni kazi ya utingo. Wakianza kuuliza upya watamuuliza utingo, hawatauliza usukani."

Mjomba huyu alinilisha, mama. Alinisomesha mpaka darasa la saba. Na mimi ni Mwislamu, sisadiki kwamba marehemu anatambua lori, lakini silali vizuri. Nikiweka pini, Mniko atakiri kosa lisilo lake mbele ya baba yake na atasafishwa kwa uongo wangu, na labda atapata amani, sasa kuna ubaya gani? Nikiacha kijiti, mtu yeyote akiinama ataona, na wale ni Wakurya, mama, unajua hasira zao, nina mtoto mdogo. Wakati mwingine nasema nilipeleke na pini tu niondoke nisahau. Wakati mwingine nasema nilikanyage lote niseme limeungua.

Nimebakiwa na wiki chache. Nieleze, niweke pini au niweke kijiti?

Mimi fundi wa Mugumu

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, fundi.

Umeandika kurasa nyingi na nusu yake ni malapa na balbu. Nimezisoma zote, kwa sababu mtu mwenye hofu huzunguka nyumba mara nyingi kabla ya kubisha hodi. Lakini sasa umebisha, nami nimefungua, kwa hiyo ingia na usirudi tena kwenye malapa.

Unaniuliza pini au kijiti. Swali hilo hukuniuliza kuhusu ufa wa Landrova. Hukuniuliza kuhusu kamba ya basi lililomleta baba yako amefunikwa. Uliviweka, na watu walipokucheka uliwajibu vizuri kuliko nitakavyokujibu mimi: zima hukulipanda. Basi na lori hili hukulipanda zima. Fundi aliyelijibu swali mara tatu kwa mikono yake anaandika gazetini kuliuliza mara ya nne kwa nini? Kwa sababu ufa wa kioo haukumuua mtu, na hukuwa wewe uliyeupasua. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo unayoikimbia.

Nakuonea huruma. Ulikuwa na miaka ishirini na mitatu, ukamwambia dereva kijiti kimepinda, na dereva ni mjomba wako aliyekulisha, akasema panda, ukapanda. Wengi wangepanda. Lakini usiku ule ule uliweka sahihi kwamba mzee aliruka, na kile kijiti ukakipikia ugali. Hapo hakukuwa na wa kukuambia panda. Hapo ulipanda mwenyewe.

Sasa nina neno na wengine, na mhariri asilikate. Tajiri aliyesema mnabeba watu siyo mawe ningependa anieleze, tangu lini mtu akawa mwepesi kuliko jiwe? Kujenga kijiji ni jambo jema, nimelitetea katika ukurasa huu na nitalitetea tena, lakini sikusoma popote, katika azimio wala katika hotuba, kwamba mzee apakiwe kama robota la pamba huku mtu akimwashia kiberiti kwenye paa. Waliofanya hivyo walikuwa na haraka ya kupeleka hesabu ya kaya juu. Na mtu mwenye haraka akiua, huandika kwamba marehemu alikuwa mkaidi. Ukaidi wa marehemu ni ushahidi mzuri sana, maana marehemu haitwi kuulizwa.

Itazame kamati ile vizuri. Walikaa jioni nzima na wino na karatasi, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kwenda kulitazama lori. Miaka minne baadaye wazee wasiojua kusoma wamekaa kuzunguka chungu, na neno walilotoka nalo ni: lileteni lori lenyewe, na kisikosekane kitu. Mimi na wazee wa aina hiyo tumegombana maisha yangu yote, tulianza nikiwa binti mdogo kijijini kwetu Kemambo na hatujamaliza. Sisadiki kwamba mzee Marwa yuko juu ya lori. Lakini uchunguzi wao ni bora kuliko ule wa kamati, na wewe unataka kuwapelekea ushahidi uliotiwa shaba.

Unasema Mniko atapata amani, kuna ubaya gani. Nitakuonyesha ubaya. Mwaka ujao ndama wake atakufa tena, maana ndama hufa. Watasema mzee amekataa kushuka. Hapo watamwambia alikiri nusu, ana kingine anakificha, na safari hii mtu amekwisha kukiri kwa kinywa chake kwamba ni mkono wake uliomwangusha baba. Sasa hivi wanamshuku tu. Wewe na pini yako mtampa hukumu.

Na uniache na hizo hasira za Wakurya. Mimi ni Mkurya, fundi. Tuna hasira, ndiyo, hata sasa ninayo. Lakini mtu aliyefichwa ukweli miaka minne ana haki ya kukasirika hata angekuwa mtu wa kwenu pwani, na hofu yako ya hasira yake isigeuzwe kuwa tabia ya kabila lake. Ungekuwa na hofu ya panga kweli ungehama Mugumu mwezi wa nne. Hukuhama. Ulikaa ukatengeneza lori inchi kwa inchi, ukatia kiraka kwenye turubai. Mikono yako imekuwa ikiandika maelezo yako kwa polisi tangu Aprili, imebaki sahihi tu.

Haya, sikiliza la kufanya.

Rudisha kijiti. Kiwe kibichi, kipinde. Halafu usilipeleke kwenye shughuli likiwa bado ni siri, kwamba labda wataona, labda hawataona. Huo ni woga uliovaa kanzu ya ukweli. Nenda kwanza kwa mjomba wako. Usimwombe ruhusa, mwambie siku utakayokwenda. Mwambie kwamba usukani nao utaulizwa, kwa sababu wewe utausema: pini ilikatika lini, nani aliambiwa, nani alijibu nini. Mwambie pia kwamba nafasi ipo kwenye hiyo safari kama anataka kwenda nawe, na kwamba mtu anayefika kwa miguu yake hupokewa tofauti na anayetajwa. Akikutukana, tukanwa ukiwa umesimama, kisha uondoke. Alikulisha, sawa. Hakukulisha ili umlipe kwa baba wa mtu mwingine.

Mwambie Rukaya. Ameshajua nusu, na mwanamke anayejua nusu hutungia nusu nyingine, mara nyingi mbaya zaidi.

Kisha mchana, siyo jioni watu wakiwa wamekunywa, nenda kwa Mniko. Mkute peke yake. Usibebe zawadi, usipeleke sukari wala kanga, asije akadhani umekuja kununua. Weka lori chini mbele yake na umwombe yeye mwenyewe afungue mlango wa nyuma. Atashika pini ya kulia, kisha atashika kijiti. Hapo ndipo useme, na useme kwa maneno, usimwachie bati likusemee. Sema nilikikata mimi. Sema nilikiona kimepinda. Sema nilikichoma. Usiseme ilikuwa mapenzi ya Mungu. Ni kweli labda, lakini siku hiyo si wewe wa kumwambia. Akikuuliza kwa nini hukusema miaka minne, mjibu neno moja, niliogopa, na unyamaze. Usijitetee hata kwa kupumua.

Atafanya nini, sijui. Anaweza kukufukuza. Anaweza kulia, na mwanamume wa makamo akilia mbele yako utatamani angekupiga. Lakini mambo mawili nayajua. Atakwenda kwa wazee akiwa na neno jipya la kusema, na hatalisema lile la "ni mkono wangu uliokuangusha." Mkono wake ulimbeba baba yake ili asibebwe na mwenye kiberiti, ukamweka pale mzee alipoomba awekwe. Miaka minne ameamini alimuua, na alichofanya ni kumheshimu. Hicho ndicho unachokaa nacho dukani, fundi. Siyo siri yako. Ni mali ya Mniko.

Baada ya hapo andika maelezo yako kwa ofisi ya wilaya, nakala mbili, moja ubaki nayo, useme sahihi yako ya mwaka 1974 ilikuwa ya uongo na kwa nini. Kuna jela ndani yake? Mimi si hakimu. Huenda ipo, huenda karatasi yako italala kabatini mpaka iliwe na mchwa. Iandike hata hivyo.

Mwisho. Umeomba ushauri gazetini. Ungetaka siri ungekwenda kwa shehe wako. Majina ya watu wote nimeyabadilisha, lori sikulibadilisha. Malori ya kijani yenye kiraka kwenye turubai hayakuwa mawili kule Machochwe, na gazeti hili husomwa kwa sauti madukani. Ndiyo maana barua yako nimeishikilia wiki mbili, na jibu hili nimekutumia kwanza kwa posta, siku kumi kabla halijachapwa. Wewe unalisoma leo ukiwa peke yako. Wengine watalisoma Jumatano, magazeti yakishuka kwenye basi la saa tisa alasiri.

Usikubali Mniko alisikie dukani kutoka kinywani mwa muuza chumvi. Fika kwake kabla ya basi. Na ukiwa ndani ya nyumba yake, tazama ukutani. Mrija utauona.

Felista Nyangi